Msomi Asiye na Kazi: Tuiangalie na Afya Yake

Ukurasa huu umezoeleka kwa habari za malaria, kuharisha, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu nakuomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatujazoea kulihesabu miongoni mwa vyanzo vya maradhi, ingawa limo katika nyumba nyingi zenye kijana aliyesoma. Jambo lenyewe ni kukaa bila kazi baada ya kumaliza chuo.

Wazazi wameuza ng'ombe, wamekopa kwenye VICOBA, wamejibana miaka mitatu au minne. Siku ya mahafali kijana amevaa joho, picha imepigwa na kutundikwa sebuleni. Baada ya hapo huanza mwaka wa kungoja, ukafuata wa pili, na kwa wengine hata wa tano. Mazungumzo juu ya hali hii huwa ni ya uchumi au ya siasa: serikali ifanye nini, mitaala ibadilishweje. Hayo ni mazungumzo ya lazima. Lakini mimi nasema kwamba hili ni suala la afya pia. Tena nasema kwamba sehemu kubwa ya madhara yake inaweza kupunguzwa hata kabla ajira haijapatikana, ikiwa sisi tulio karibu na kijana tutaelewa ni kitu gani hasa kinachomuumiza.

SI UVIVU, NI HESABU

Kwanza tuondoe sumu moja. Ni kawaida kusikia mzee akisema, "Zamani sisi tulimaliza chuo tukapata kazi mara moja. Vijana wa siku hizi wanachagua kazi." Mzee huyo hasemi uongo juu ya ujana wake. Hapa Tanzania, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliyehitimu chuo alipangiwa kazi na serikali. Wahitimu walikuwa wachache, na mashirika ya umma, shule na wizara ziliwangoja. Kisha yakaja mageuzi ya uchumi: serikali ikapunguza wafanyakazi, mashirika mengi yakauzwa au kufungwa, na utaratibu wa kupangiwa kazi ukakoma.

Wakati milango ya ajira ikibanwa, milango ya vyuo ilifunguliwa. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam peke yake, kikafuatiwa na Sokoine mwaka 1984. Kuanzia miaka ya 1990 vikaja vyuo vikuu vya binafsi na vya madhehebu ya dini, na mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Hilo ni jambo jema, maana mtoto wa mkulima naye amepata kusoma. Ila matokeo yake kwenye milango ya ajira tumeyaona kwa macho. Mwezi Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 waliitwa kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya nafasi 70 tu za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walikuwa zaidi ya 135,000.

Hebu tufanye hesabu hiyo ya mwisho. Kwa kila nafasi moja walijitokeza watu wapatao 85. Hata kama wote 85 wangekuwa na bidii ya siafu na vyeti vya daraja la kwanza, 84 kati yao wangerudi nyumbani mikono mitupu. Kumwambia mmoja wa hao 84 kwamba ni mvivu ni sawa na kumlaumu mtu kwa kukosa kiti kwenye basi lililojaa. Wavivu wapo, kama walivyokuwapo enzi zetu, lakini uvivu hauelezi hesabu hii.

KAZI HUMPA MTU NINI ZAIDI YA MSHAHARA?

Sasa tuingie kwenye afya. Watu wengi hudhani asiye na kazi huumia kwa sababu moja tu: hana fedha. Ingekuwa hivyo, basi kijana anayelala na kula kwa wazazi asingeumia sana. Lakini tunamwona akinyauka huku ugali upo mezani. Kwa nini?

Jibu zuri lilipatikana zamani, katika kijiji kimoja cha Austria kiitwacho Marienthal, karibu na jiji la Vienna. Kijiji hicho kilitegemea kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Mwishoni mwa mwaka 1931 walikwenda huko watafiti vijana, miongoni mwao mama mmoja aitwaye Marie Jahoda, wakakaa na watu na kuyatazama maisha yao. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1933.

Walitegemea kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi na kushiriki zaidi katika mambo ya kijiji. Wakakuta kinyume chake. Uazimaji wa vitabu katika maktaba ya kijiji ulikuwa umepungua kwa karibu nusu, ingawa sasa vitabu viliazimwa bure. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimamasimama bila sababu, na walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi hawakuwa na la kueleza. Wanawake walitembea haraka kuliko wao, kwa sababu nyumba na watoto viliendelea kuwangoja. Siku ya mwanamke ilikuwa bado na umbo. Siku ya mwanamume ilikuwa imebomoka.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu mambo matano mbali na mshahara. Humpangia muda wa siku. Humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake. Humfanya ashiriki lengo kubwa kuliko yeye mwenyewe. Humpa nafasi na heshima katika jamii. Na humlazimisha kujishughulisha. Anayekosa kazi hupoteza yote matano kwa mpigo, hata kama anashiba.

Tafiti za baadaye zimethibitisha ukubwa wa madhara hayo. Mwaka 2009 wataalamu wawili wa Ujerumani, Karsten Paul na Klaus Moser, walichapisha uchambuzi wa tafiti zaidi ya 200 kutoka nchi mbalimbali, nyingi zikiwa za Magharibi. Waliona kwamba kati ya watu 100 wasio na kazi, wapatao 34 walikuwa na matatizo ya kiakili, wakati kati ya walio kazini walikuwa 16. Na jambo la kutia moyo: waliopata kazi, hali zao ziliboreka. Maana yake ni kwamba kwa wengi, kijana hakuzaliwa dhaifu. Ni hali aliyomo inayomdhoofisha.

MWILI UNAVYOLIPA

Madhara hayaji siku moja. Huanza na usingizi. Kijana hana sababu ya kuamka saa kumi na mbili, basi huamka saa nne, na usiku hukesha akitazama simu. Usingizi ukivurugika, hasira huwa karibu na mawazo hayatulii. Kisha hufuata chakula: hula mara moja kwa siku, ama kwa kukosa hamu, ama kwa kuona aibu ya kuonekana mezani wakati hajachangia hata kibaba cha unga.

Wengi hulalamika juu ya tumbo, nao huambiwa, "Hivyo ni vidonda vya tumbo, umezidi kuwaza." Hapa ni vizuri tusahihishane. Mara nyingi vidonda vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na kumeza mara kwa mara dawa kali za maumivu. Mawazo na kukaa na njaa huweza kuzidisha maumivu, lakini mgonjwa hapaswi kuachwa anywe maziwa na kujilaumu. Aende akapimwe, kwa sababu bakteria huyo anatibika kwa dawa. Nasisitiza jambo hili kwa vile kijana asiye na kazi huogopa kwenda hospitali. Kama alikuwa na kadi ya bima ya mwanafunzi, haina kazi tena baada ya chuo, naye anaona haya kumwomba baba fedha za kipimo.

Halafu kuna pombe na kamari. Pombe kali ya viroba ilipigwa marufuku tangu Machi 2017, lakini pombe ya bei nafuu haijakosekana mitaani. Kuhusu kamari, siku hizi kijana hahitaji kutoka nyumbani. Anabeti mpira kwenye simu, na mkeka ukichanika anakopa ili arudishe kilichopotea. Tusiishie kulaani. Tujiulize kamari inampa nini. Inampa kitu cha kungoja jioni. Inampa watu wa kuzungumza nao. Inampa matumaini kwamba kesho itakuwa tofauti. Yaani inamwigizia vitu vilevile ambavyo kazi ingempa kwa kweli.

Kwa mabinti kuna hatari ya ziada. Binti aliyesoma akikaa nyumbani, kazi zote za nyumba humwangukia, na hakuna anayeziita kazi. Wakati huohuo huanza kusukumwa aolewe upesi, au yupo "mfadhili" wa kumsaidia mwenye nia nyingine. Na wapo wenye mamlaka ya kuajiri wanaodai mwili wa binti kabla ya kumpa barua. Hiyo ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Matunda yake kwa afya ni maambukizi ya virusi vya UKIMWI, mimba zisizotarajiwa na majeraha ya moyo yasiyosemwa. Wazazi, binti akikuambia kuna bwana fulani ofisini anamsumbua, msikilize kabla ya kumuuliza alikuwa amevaa nini.

MANENO YA NYUMBANI

Kuna maneno tunayoyatoa bila kufikiri, nayo hukaa ndani ya kijana kama mwiba. "Mwenzako mliyemaliza naye tayari ana gari." "Tumekusomesha kwa hasara." "Bado tu?" Hata swali la heri, "Umepata kazi, mwanangu?", likiulizwa na shangazi, na jirani, na mwenye duka, kila juma, hugeuka kuwa adhabu. Ndiyo maana vijana wengi huacha kuhudhuria harusi, misiba na mikutano ya jumuiya. Si majivuno. Anakimbia swali.

Lipo pia neno la hatari zaidi: "Huyu amefungwa." Wazazi huanza kumtafuta aliyemloga mtoto wao, na bibi mzee wa jirani hugeuka mtuhumiwa. Fedha ambazo zingelipa nauli ya usaili hupelekwa kwa mganga, ukoo hugawanyika, na kijana hufundishwa kwamba maisha yake yako mikononi mwa adui asiyeonekana. Nimeshataja hesabu: watu 85 kwa nafasi moja. Je, wale 84 wote wamelogwa?

MAAJABU YA SEKTA YETU

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, siwezi kupita bila kutaja jambo la kusikitisha kuliko yote. Miongoni mwa hao wanaokaa nyumbani wapo wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara, wafamasia na hata madaktari. Wakati huohuo zipo zahanati ambako muuguzi mmoja anazalisha, anachanja, anatoa dawa na kufagia.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania ilikuwamo. Kipimo kilichotumika kilikuwa jumla ya madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000. Mwaka uliofuata serikali ilianza mpango wa kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, na vyuo vikaongeza wanafunzi. Vijana wakaitikia. Lakini majengo na vyeti peke yake havitibu. Lazima iwepo bajeti ya mishahara.

Mwaka 2017 tuliona jambo lililofungua macho ya wengi. Kenya ilikuwa imetoka katika mgomo mrefu wa madaktari, na mwezi Machi Rais John Magufuli akakubali kupeleka huko madaktari 500 wa Tanzania. Suala hilo likapelekwa mahakamani na madaktari wa Kenya, na safari ikazuiwa. Hapo ndipo serikali yetu ilipotangaza kuwaajiri nchini madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda. Najiuliza hadi leo: kama lisingetokea ombi la jirani, madaktari hao wangeendelea kukaa wapi, na wagonjwa wa kwetu wangeendelea kuwangoja hadi lini?

Kwa hiyo tunaposema "ukosefu wa ajira kwa wasomi", tusidhani daima maana yake ni kwamba kazi haipo. Mara nyingine kazi ipo, mgonjwa yuko kwenye benchi, na aliyesomea kumhudumia yuko nyumbani kijiji hichohicho. Kilichokosekana ni uamuzi wa kumlipa. Hasara ya afya hapo ni mara mbili: ya mgonjwa asiyepata huduma, na ya kijana anayepoteza ujuzi na moyo.

"JIAJIRINI!"

Siku hizi kila mgeni rasmi katika mahafali huwaambia wahitimu, "Msisubiri ajira, jiajirini." Sipingi kujiajiri. Wapo vijana waliofuga kuku, waliofungua vibanda vya fedha za simu, waliolima bustani wakasimama. Halmashauri zetu nazo zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, na sehemu ya vijana ni asilimia 4. Kijana aulize ofisi ya maendeleo ya jamii katika kata yake.

Lakini neno hili likitolewa peke yake ni dawa isiyo na kipimo. Mtu aliyesomea kupima damu hawezi kujiajiri barazani kwa mama yake, na sheria haimruhusu. Aliyesomea ualimu hawezi kufungua shule kwa shilingi elfu hamsini. Tena anayesema "jiajirini" mara nyingi ni mtu ambaye maisha yake yote amelipwa mshahara. Kumtaka kijana wa miaka 24 afanye bila mtaji jambo ambalo sisi hatukuthubutu kulifanya tukiwa na mshahara, si haki. Tukimshauri ajiajiri, basi tuambatanishe na kitu: kipande cha shamba, mashine ya kushonea iliyokaa bure, kumtambulisha kwa fundi, au kumdhamini kwenye kikundi.

KUJITOLEA KUSIWE UNYONYAJI

Wengi huanza kwa kujitolea, na kwa upande wa afya kujitolea kuna faida halisi. Kunarudisha yale mambo matano: kuna saa ya kuripoti, kuna wenzako, kuna lengo, kuna jina, kuna shughuli. Mikono ya muuguzi haisahau.

Ila tusiifanye dawa kuwa sumu. Kijana anayejitolea miaka mitatu, anapangwa zamu za usiku kama mwajiriwa, anatembea kwa miguu kilometa kadhaa, na mchana hana fedha ya chai, huyo hasaidiwi. Anatumiwa. Nayasema haya kwa taasisi zote, za umma na za watu binafsi, na siziachi zahanati na shule zetu za dini. Aliye na uwezo wa kumpangia kijana zamu ana wajibu wa kumpa nauli na chakula cha siku hiyo, kumwandikia mkataba wenye tarehe ya mwisho, kumkinga na magonjwa kwa glovu na chanjo kama wenzake, na kumpa barua ya uzoefu anapoondoka. Nafasi ya ajira ikipatikana, afikiriwe kwanza. Asiyeweza hayo asiite wa kujitolea.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwako wewe kijana:

1. Amka saa ileile kila siku na ulale saa ileile, hata kama huna pa kwenda. Usingizi uliopangika ni kinga ya kwanza ya akili.

2. Panga saa za kutafuta kazi na saa za mambo mengine. Anayetafuta kazi saa zote huchoka, na anayetafuta "akikumbuka" hukata tamaa. Asubuhi mbili tatu kwa juma, zitumie kuandika barua, kutazama matangazo na kufuatilia.

3. Toka nyumbani kila siku. Tembea nusu saa, cheza mpira, imba kwaya, lima. Mazoezi ya mwili husaidia kupunguza huzuni na kuleta usingizi.

4. Shika ujuzi wako usiote kutu. Mwalimu awafundishe watoto wa mtaani hesabu jioni, mhasibu amsaidie mwenye duka kupanga vitabu. Omba malipo, hata kama ni kidogo.

5. Mtafute mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Usibebe peke yako.

6. Tahadhari na matapeli. Mwajiri wa kweli hadai fedha ya "kufungua faili" kwa njia ya simu.

Kwenu wazazi na walezi:

1. Badilisheni swali. Badala ya "Umepata kazi?", semeni, "Leo siku yako imekwendaje?" Kijana akipata kazi atawaambia mwenyewe, tena kwa vigelegele.

2. Mpeni jukumu lenye heshima, si la kumkomoa. Akabidhiwe hesabu za familia, au mradi wa mifugo na sehemu ya faida. Kijana mwenye fungu lake, hata dogo, hashindi amejifungia.

3. Msimlinganishe na mtoto wa mwenzenu.

4. Kubalianeni kiasi kidogo cha nauli na vocha kila mwezi, kulingana na uwezo wenu. Kuomba shilingi mia tano kila asubuhi kunamvunja mtu mzima.

DALILI ZISIZOPASWA KUNGOJA

Huzuni ya siku chache baada ya kukosa usaili ni ya kawaida. Lakini ukiona kwa wiki mbili au zaidi kijana amekosa raha karibu kila siku, ameacha mambo aliyoyapenda, halali au analala kupita kiasi, amepungua mwili, anajiona hana thamani, au anasema "ni afadhali nisingekuwepo", hiyo yaweza kuwa sonona. Sonona ni ugonjwa. Si deko wala upungufu wa imani, nayo inatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na, ikibidi, kwa dawa.

Wengine huogopa kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua, wakidhani watampa wazo hilo. Sivyo. Kumuuliza kwa upole na waziwazi hakumwingizii wazo. Humfungulia mlango wa kusema. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Kwa hiyo ukisikia maneno hayo, usimkemee na usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa za mashambani, kamba na dawa nyingi za vidonge, kisha mpeleke kituo cha afya au hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Huko watamhudumia au kumwandikia rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Kwenda huko hakumfanyi mtu awe "kichaa", kama vile kupima malaria hakumfanyi mtu awe maiti.

Ndugu msomaji, sina dawa ya kuongeza nafasi za kazi nchini. Hiyo imo mikononi mwa wanaopanga bajeti, nasi tuna haki ya kuwauliza kwa nini zahanati haina muuguzi huku wauguzi wapo. Lakini kijana aliyekaa bila kazi anaishi nyumbani kwetu, si kwenye bajeti. Siku barua ya ajira itakapofika, na mara nyingi hufika ingawa kwa kuchelewa, tumkabidhi mwajiri mtu mzima wa afya: anayelala, anayekula, anayejiheshimu na aliyeshika ujuzi wake. Basi leo jioni kijana huyo akikaa nanyi mezani, mpakulieni chakula kama wengine na mzungumze naye habari nyingine.